Kabla hujaita guta: namna ya kuondoa samani za zamani

Kuondoa samani za zamani hakuanzi kwa kuita guta la kubebea mizigo. Anza kwa kuuliza ni za nani. Tulipopunguza vitu nyumbani kwa marehemu baba, hapa Makorora, Tanga, niliona kila kochi lina mwenyewe moyoni. Mali ya marehemu ni mirathi mpaka igawanywe. Piga picha kila kitu, tuma kwenye kundi la familia, weka siku ya mwisho ya kujibu, ndipo uuze. Dada yetu aliyeko Dar alitaka kitu kimoja tu, kistuli cha jikoni ambacho sisi wengine tulikiona kuni. Angekuta kimeuzwa, pesa yake isingetibu kidonda hicho.

Wakishajibu, pindua kila kitu miguu juu. Vanishi hudanganya, lakini chini ya meza, ambako fundi hakupaka kitu, mti hujionyesha wenyewe. Kwangua kidogo kwa kisu. Mninga hutoa rangi ya kahawia yenye wekundu. Ukikuta ni mninga, mvule au mtiki, usikubali bei ya samani chakavu. Mwite seremala aje apime kama anayenunua mbao. Kabati letu la vyombo halikupata mtu wa kulitumia, maana vioo vilikuwa vimepasuka na mtindo umepitwa. Fundi wa Ngamiani alilichukua kwa ajili ya mbavu na rafu zake tu, na alilipa vizuri. Mbao iliyokaa ndani miaka mingi imeshakauka, haipindi ovyo, ndiyo maana mafundi wanaitafuta. Chipbodi, ile mbao ya vumbi la mti lililogandishwa kwa gundi, haina bahati hiyo: unyevu wa pwani huivimbisha kingo, na skrubu ikishang'oka haishiki tena. Hiyo mpe anayeihitaji leo, usingoje bei.

Kama kuna mlango wa nakshi, usipokee pesa ya dalali. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango iliyochongwa kabla ya 1940. Waulize kwanza watu wa Idara ya Mambo ya Kale ya serikali.

Kuhusu kitanda nasema kwa ukali. Toa chaga zote, ukague ncha zake pale zinapokalia ubavu, na matundu ya skrubu. Vidoa vyeusi kama vya wino ni choo cha kunguni. Mwagia maungio maji yaliyochemka, anika juani, kagua tena baada ya siku kadhaa. Wasipokwisha, usimpe mtu. Kumpa jirani kunguni ukaita sadaka ni kumdhulumu usingizi yeye na wanawe. Godoro lililochoka nalo usilichome uani. Moshi wa sponji ni sumu, na nyumba zetu zimebanana, dirisha la mwenzio liko hapo hapo. Sponji iliyo kavu na safi mpe fundi makochi, nyingine iende na gari la taka.

Vya kuuza vipige picha mchana, ufa uonekane, vipimo uandike kwa sentimita. Tangaza mwisho wa mwezi, mishahara ikitoka. Mkubaliane mapema nani analipa guta na nani anabeba. Kabati lisilopita mlangoni lifungue kabla mnunuzi hajafika, skrubu zake uzitie kwenye mfuko na kuufunga kwenye mguu wake.