Je, miti ya mikokoni ni ndugu?

Mdogo wangu, umeuliza kama miti ya mikokoni ni ya ukoo mmoja kwa vile majani yake yote ni manene na magumu. Hapana. Unene huo umeletwa na chumvi na jua kali.

Lamba jani la mchu, mmoja wa miti hiyo, utaonja chumvi iliyotoka jasho. Mchu ni wa familia ya Acanthaceae. Mkoko, msinzi na mkandaa ndio ndugu hasa, Rhizophoraceae: majani hukaa mawili mawili yakitazamana, chipukizi cha ncha hufunikwa na ala inayodondoka, na mbegu huota ingali mtini. Ninaoupenda zaidi ni mkomafi. Jani lake moja lina vijani kadhaa, kama mwarobaini wa uani kwenu, na kweli wote wawili ni Meliaceae!

Kwa hiyo ukitaka kujua mti ni wa ukoo gani, usichume jani pekee. Omba ruhusa ofisi ya misitu, kisha chukua kijitawi chenye ua au tunda, na uandike majani yalivyopangika. Ukubwa usiuamini sana: kwenye mti huohuo, jani la kivulini mara nyingi hulipita la juani. Kausha kwenye magazeti, ukiyabadilisha kila siku.