Ukimtaka hondohondo mkubwa, acha kumkimbiza

Tangu niweke picha yangu ya ndege aitwaye hondohondo mkubwa wa Asia, swali ni moja tu: "Kaka, ulitumia kamera gani?" Hakuna hata mmoja aliyeuliza nilikaa wapi.

Nilikaa chini ya mkuyu wa porini, Khao Yai, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Thailand, iliyoanzishwa 1962. Nilipoaga nyumbani jamaa walinicheka: hondohondo si tunao Amani, Usambara? Tunao, na wazuri. Ila huyu anapita urefu wa mita moja, juu ya mdomo amebeba kofia ya manjano, dume ana jicho jekundu na jike jeupe. Na manjano ya shingoni na mbawani si rangi ya manyoya, maana yenyewe ni meupe. Hujipaka mafuta ya tezi iliyo juu ya mkia, kama bi harusi na liwa yake. Walionicheka sasa wanaiomba picha waiweke kwenye simu zao. Nawatumia, sina kinyongo. Kidogo tu.

Basi tafuta mkuyu wenye matunda, ukae. Wenzangu walikuwa wakizunguka barabarani na lenzi zao. Mimi nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Mvumo wa mbawa ulinifikia kabla sijaona kitu. Dume akatua, akachuma kuyu kwa ncha ya mdomo, akalirusha na kulidaka kooni. Akarudia, akarudia, mpaka koo likavimba, akaondoka.

Anapeleka nyumbani. Msimu wa kuzaa jike hujifungia ndani ya tundu la mti, akaziba mlango kwa kinyesi na mabaki ya chakula, ukabaki ufa wa kupitisha ncha ya mdomo tu. Dume huyacheua matunda moja moja na kumpa. Dume akiuawa, waliomo ndani wanaweza kufa njaa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kiotani msisogee. Ukimtisha dume, umewanyima chakula. Mtafiti wa Thailand, Pilai Poonswad, aliyeanza kuwachunguza ndege hawa Khao Yai mwaka 1978, kule milima ya Budo, kusini mwa nchi hiyo, amewageuza waliokuwa wakiiba makinda kuwa walinzi wa viota. Wewe mwenye tiketi ya ndege na kofia ya jua unashindwaje kukaa mbali?

Haya, kamera. Lenzi ya milimita 400 inatosha. Ukiona haitoshi, hamia mkuyu mwingine.