Maswali na Majibu: Nixon, kanda na dola

Ni kweli Bunge la Marekani lilimwondoa Rais Richard Nixon madarakani?

Hapana. Kamati ya Sheria ya Baraza la Wawakilishi ilipitisha mashtaka matatu kati ya tarehe 27 na 30 Julai 1974, lakini Baraza zima halikuwahi kuyapigia kura. Nixon alijiuzulu tarehe 9 Agosti. Wengi huchanganya hatua mbili: kumshtaki rais kunataka wingi wa kawaida tu wa wawakilishi, kumwondoa kunataka theluthi mbili ya maseneta, yaani 67 wakiwapo wote 100. Tarehe 7 Agosti vigogo wa chama chake mwenyewe, akiwemo Seneta Barry Goldwater, walimweleza kwamba kura za kumwokoa hazipo.

Kwa nini wizi mdogo wa Watergate ulifika mbali hivyo?

Kwa sababu ya kuuficha. Usiku wa kuamkia 17 Juni 1972, watu waliovamia ofisi za chama pinzani cha Democratic, katika jengo la Watergate jijini Washington, walibandika utepe kwenye ulimi wa kitasa ili mlango usijifunge. Mlinzi, Frank Wills, akaubandua. Alipopita tena akakuta umebandikwa upya, akapiga simu polisi, na watano wakanaswa humo humo ndani.

Hata hivyo, kesi ingeweza kubaki neno la rais dhidi ya neno la John Dean, aliyekuwa mwanasheria wa Ikulu. Julai 1973 Alexander Butterfield alipohojiwa na Seneti akasema Ikulu ina mitambo inayorekodi mazungumzo. Hapo ndipo mambo yalipogeuka, kuliko siku nyingine yoyote ya sakata hili. Nixon alizing'ang'ania kanda hadi 24 Julai 1974, Mahakama ya Juu ilipoamua kwa kura 8 bila kupingwa azikabidhi. Kanda ya 23 Juni 1972, siku sita tu baada ya wale watu kukamatwa, inamnasa Nixon akikubali CIA, shirika la ujasusi, itumike kuizuia FBI, polisi wa upelelezi wa shirikisho, isiendelee na uchunguzi. Utetezi ukaisha.

Mbona hakufungwa?

Tarehe 8 Septemba 1974 Gerald Ford, makamu aliyerithi urais, alimsamehe makosa yote ya shirikisho ya kipindi cha urais wake. Ford hakuwa amechaguliwa na wananchi hata kuwa makamu: aliteuliwa baada ya makamu wa kwanza wa Nixon, Spiro Agnew, kujiuzulu mwaka 1973.

Kabla ya 1971, Mmarekani wa kawaida aliweza kubadilisha dola zake kwa dhahabu?

La, mlango huo ulifungwa tangu 1933. Serikali na benki kuu za nje ndizo zilizolipwa wakia moja, takriban gramu 31, kwa dola 35. Tatizo ni kwamba dola zilizozagaa nje zilikuwa zimezidi mno dhahabu iliyokuwa ghalani, na kila aliyewahi kudai alipunguza akiba ya waliobaki. Tarehe 15 Agosti 1971 Nixon alisitisha ubadilishaji huo, akagandisha bei na mishahara kwa siku 90, na kuongeza ushuru wa 10% kwa bidhaa nyingi kutoka nje. Desemba Marekani na washirika wake wakajaribu bei mpya ya dola 38 kwa wakia. Haikudumu, kufikia Machi 1973 sarafu kubwa zilikuwa zinapanda na kushuka kwa nguvu ya soko.