Mwandishi Apimwe kwa Alichowaachia Wenzake

Mhariri, wiki hii mmetuuliza hivi: shujaa wa katuni akipita mikononi mwa waandishi wengi kwa miaka mingi, je, hubaki kuwa yule yule, na ni mwandishi yupi aliyemwelewa kuliko wote? Sehemu ya kwanza naijibu upesi: ndiyo, hubaki yule yule. Ya pili ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike, kwa sababu siamini kwamba yupo mmoja aliyemwelewa kuliko wote. Naamini mwandishi wa mhusika kama huyo apimwe kwa kile alichowaachia waliomfuata. Mfano wangu ni T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, yaani Black Panther. Ndiye ninayemfuatilia, na sisi watu wa Kisumu tuna la kusema juu yake.

Wakenya tumelelewa na katuni yenye mwenyewe. Juha Kalulu wa Taifa Leo alikuwa wa Edward Gitau, na kwa miongo mingi tulimsikia mtu mmoja akizungumza nasi. Katuni za mashujaa za Marekani haziko hivyo. Mhusika ni mali ya kampuni. Mwandishi huja, huandika mwaka mmoja au mitano, huondoka, na mwingine hushika kalamu pale pale hadithi ilipofika. Kwetu tungefananisha na sigana ya Lwanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye siri ya nguvu zake ilikuwa kivulini mwake. Msimulizi mmoja atakaa kwenye vita na Lang'o mpaka watoto wasinzie, mwingine atamalizia jioni nzima kwa yule mke aliyetoka kwa adui akaja kuigundua siri. Lakini hakuna anayethubutu kukiondoa kivuli. Mkuki sharti upige kivuli, na shujaa sharti awe jiwe.

Kwa T'Challa, kisichoondoka ni kiti cha enzi. Spider-Man akivua barakoa anarudi nyumbani kwa shangazi yake. T'Challa akivua yake anakuta baraza linamsubiri na nchi nzima inataka majibu. Waandishi wake wote wanalijua hilo. Wanachotofautiana ni swali wanalomuuliza mtu anayekalia kiti hicho.

Stan Lee na Jack Kirby walimleta Julai 1966, katika toleo la 52 la Fantastic Four. Humo anawaalika mashujaa wanne wa Marekani nchini kwake, kisha anawawinda mmoja baada ya mwingine ili ajipime nguvu. Wakati ambapo Mwafrika wa katuni alikuwa mpagazi au mganga, huyu alikuwa na msitu mzima wa mitambo. Ulikuwa mwanzo wa heshima. Ila tulimwona mfalme tu. Watu wake hatukuwajua.

Aliyetuletea watu hao ni Don McGregor, na hapa naomba nikae kidogo. Mwaka 1973 alikabidhiwa jarida la Jungle Action, ambalo hadi hapo lilikuwa likichapisha upya hadithi za zamani za mashujaa Wazungu wanaotamba msituni. McGregor akashikilia kwamba hadithi ikiwa ya Wakanda, wahusika nao wawe watu wa Wakanda. Akaanza mfululizo mrefu: T'Challa amekaa Marekani mno na Avengers, kundi la mashujaa, na aliporudi nyumbani akakuta nchi imemchoka na mtu anayeitwa Erik Killmonger anaipindua. Killmonger anampiga, anamwinua, anamtupa kutoka juu ya maporomoko ya maji. Baadaye mchoraji Billy Graham, mmoja wa wachoraji Weusi wachache waliokuwa Marvel, kampuni yenye mhusika huyu, siku zile, aliupa ule mwili wa mfalme maumivu yanayoonekana: vazi limeraruka, mbavu zinahesabika.

Maneno ya McGregor ni mengi, na kuna kurasa ambazo yanausonga mchoro. Namsamehe kwa sababu ya mwisho wake. T'Challa na Killmonger wanakutana tena kwenye maporomoko yale yale, na mfalme anazidiwa tena. Anayemsukuma Killmonger kutoka ukingoni ni mtoto mdogo, Kantu. Mwandishi mwingine angempa mfalme ushindi wake, maana wasomaji walikuwa wameusubiri miaka miwili. McGregor akampa raia, tena yule ambaye hakuna aliyekuwa akimhesabu. Tangu siku hiyo Wakanda ikawa nchi yenye wenyewe, na yeyote aliyeiandika baadaye alilazimika kuwatazama.

Kirby aliporudi mwaka 1977 kumwandika T'Challa peke yake, alimtuma kusaka sanamu ya chura ya Mfalme Sulemani, yenye uwezo wa kuleta viumbe kutoka nyakati nyingine. Hadithi aliyokuwa akiiandika McGregor kuhusu Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi wa Marekani, iliachwa katikati. Namheshimu sana Kirby kama mchoraji, na kurasa zile zina mwendo wa ajabu. Lakini alimfanya mfalme kuwa msafiri wa kutafuta hazina, na waliokuja baadaye hawakuwa na mengi ya kuchukua humo.

Christopher Priest, mwaka 1998, alifanya jambo ambalo hadi leo naliona la akili kuliko yote. Hakutuingiza kichwani mwa T'Challa hata kidogo. Msimulizi wake ni Everett Ross, ofisa wa serikali ya Marekani aliyepewa kazi ya kumpokea mfalme, mtu mwoga, mwenye domo, anayerukaruka kutoka tukio la mwisho hadi la kwanza. Tunapokutana naye amejificha msalani bila suruali, bastola mkononi, akiogopa panya. Kupitia macho ya mtu huyo T'Challa anakuwa mtu usiyeweza kumsoma, na ndivyo kiongozi wa nchi anavyoonekana kwa wageni. Kisha Priest akafichua kwamba T'Challa alijiunga na Avengers ili awapeleleze. Fikiria. Kwa miaka thelathini wasomaji walidhani alijiunga kwa urafiki. Priest hakufuta hata neno moja la waliomtangulia, ila baada yake kila ukurasa wa zamani unasomeka upya. Huko ndiko kurithi. Na walinzi wa kike wa mfalme, Dora Milaje, ni yeye aliyewaleta.

Reginald Hudlin, kuanzia 2005, simpendi sana. T'Challa wake hashindwi wala hajikwai. Lakini kipimo changu ni kile kile, nami sina budi kumpa haki yake: Shuri, dada wa mfalme, ametoka kwake.

Hudlin pia ndiye aliyemwoza T'Challa kwa Storm, shujaa wa kike wa kundi la X-Men anayeamuru mvua na dhoruba, mwaka 2006, na hapo nina kinyongo kinachotuhusu Wakenya. Mama yake Storm ni Mkenya. Len Wein na Dave Cockrum walipomtambulisha mwaka 1975, walimkuta hapa nchini akiabudiwa kama mungu wa mvua, na wale waliokuwa wakimwomba hawakuwa na jina hata mmoja. Wakanda, nchi ya kubuni, ilipata McGregor wa kuwapa watu wake majina na mashamba. Kenya ya Storm ingali inamsubiri wake.

Mwaka 2016 Ta-Nehisi Coates, akishirikiana na mchoraji Brian Stelfreeze, aliuliza swali ambalo wote waliomtangulia walilizunguka: nani amekupa haki ya kututawala? Anaanza na wachimba madini walioasi, na askari wa mfalme wakiwageuka raia wao. Aneka na Ayo, waliokuwa Dora Milaje, wanamwasi pia. Mzee Changamire, mwalimu wa Hekima Shule, amefundisha vijana kuhoji ufalme wenyewe. Hadithi inaishia kwenye katiba. Wasomaji wengine walilalamika kwamba ngumi zimepungua. Mimi niliisoma nikiwa katika nchi iliyopitisha katiba mpya mwaka 2010, na mji huu umeona kwa macho yake askari wakiwageukia raia. Sikuhisi upungufu wowote.

Sinema ya Black Panther ilipoonyeshwa Kisumu Februari 2018, nyumbani kwa akina Lupita Nyong'o, wengi walitoka wakidhani yote ni kazi ya Ryan Coogler na Joe Robert Cole walioiandika. Walifanya kazi nzuri, lakini walivuna shamba la watu wengi: maporomoko na Killmonger ni ya McGregor, Ross na Dora Milaje ni wa Priest, Shuri ni wa Hudlin. Walichokiongeza kikubwa, kwa maoni yangu, ni M'Baku. Roy Thomas na John Buscema walipomtunga mwaka 1969 walimvisha ngozi ya sokwe mweupe na kumwita mtu-nyani. Ilikuwa aibu, na njia rahisi ilikuwa kumwacha asahaulike. Coogler na Cole wakalitupa lile jina, wakambakiza mtu: mtawala mwenye fahari yake mlimani, anayemtisha Ross kwamba atawalisha wanawe nyama yake, kisha anacheka kwa sababu watu wake hawali nyama. Sasa hata urithi mbaya wa 1969 una faida.

Limebaki deni moja. Ramani za zamani zimewahi kuiweka Wakanda upande wa Ziwa Turkana. Coates akaisogeza hadi kando ya Ziwa Victoria. Kenya ina asilimia 6 hivi ya ziwa hili, na kisiwa kidogo cha Migingo peke yake kimetugombanisha na Uganda kwa zaidi ya miaka kumi. Mwandishi atakayefuata amerithi maji haya, apende asipende. Namwomba atuandikie mvuvi aliyetoka Dunga au Usenge usiku na taa zake kuvua omena, upepo ukamsukuma, alfajiri akakamatwa na doria ya Wakanda. Nyavu zimechukuliwa, mashua imezuiliwa. Kesi ipelekwe mbele ya katiba ile ya Coates, mfalme aamue kama mtu wa kwetu ana haki yoyote katika nchi iliyozoea kujificha. Changamire atakuwa na neno hapo, Aneka pia. Toleo hilo nitalinunua siku litakapotoka.