Ndege wa majini hufuata nini? Maswali na majibu

Bata wa kaskazini hukimbia baridi, sivyo?

Sivyo hasa. Manyoya yao ya juu hayapitishi maji, na yale laini ya chini huhifadhi joto. Bata aliyeshiba hulala kwenye maji baridi bila taabu. Kinachomfukuza ni barafu: ziwa likiganda, chakula kipo palepale ila hakifikiki. Ndiyo maana baridi ikipungua makali, wengi hubaki karibu na walikozaliana. Tangu miaka ya 1980, aina kadhaa za bata wa kupiga mbizi zimeongezeka Finland wakati wa baridi, huku zikipungua kusini-magharibi mwa Ulaya.

Ziwani kwetu bata maji wameadimika. Wamekufa?

Huenda wameishia njiani. Bata maji wa Bewick, ndege wakubwa weupe wenye shingo ndefu, huzaliana kaskazini ya mbali ya Urusi. Zamani walifika Uingereza kwa wingi, siku hizi wengi hukomea Ujerumani. Lakini nisikufariji kupita kiasi, kwa sababu idadi yao yote nayo imeshuka tangu miaka ya 1990. Hesabu ya ziwa moja haiwezi kutenganisha mambo hayo mawili. Kwa hiyo kuna hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini, iliyoanza 1967, ambayo hufanyika kila Januari katika nchi nyingi.

Na kule ambako maji hayagandi?

Huko mvua ndiyo yenye amri, na mvua haina kalenda. Ziwa Eyre la Australia hukaa miaka mingi likiwa tambarare ya chumvi. Mafuriko yakilifikia, samaki huzaliana na wari huja kwa maelfu kutaga, kisha maji yakikauka hutawanyika.

Msidhani, hata hivyo, kwamba maji yakizidi ndege nao huzidi. Heroe wadogo wa Bonde la Ufa hula mwani unaostawi kwenye maji ya magadi. Mvua kubwa zilipojaza Ziwa Nakuru katika miaka ya 2010, magadi yalizimuliwa, mwani ukapungua, na heroe wakaenda kutafuta kwingine. Ziwa Natron, wanakozaliana, nalo lina masharti: maji yakipungua mno, fisi na mbweha hufika kwenye viota, yakizidi, viota huzama.

Nani huwaambia wakati wa kuondoka?

Urefu wa mchana, hasa kwa wale wa safari ndefu. Hapo ndipo penye tatizo, maana jua halibadili ratiba yake hata theluji ikiwahi kuyeyuka. Kuna kitwitwi mmoja anayezaliana Aktiki ya Urusi na kukaa pwani ya Mauritania msimu wa baridi. Theluji ikiyeyuka mapema, wadudu hutoka mapema. Makinda huanguliwa wakati wadudu wameshapungua, na hukua wadogo, wenye midomo mifupi. Wakifika Mauritania, midomo hiyo haiwafikii chaza wadogo waliojificha ndani ya matope, na wengi hawamalizi mwaka wao wa kwanza.