Darubini ya bunduki isiyotii kliki

SWALI: Fundi, ninamiliki bunduki ya kaliba .375 H&H yenye darubini, na baada ya majuma matatu ninakwenda kuwinda nyati. Katika uwanja wa shabaha, umbali wa mita 100, risasi ziligonga sentimita 6 kushoto mwa alama. Nilizungusha kitufe cha kurekebisha kliki (hatua) nane kuelekea kulia, kila moja robo dakika ya pembe (dakika ni sehemu ya sitini ya digrii). Risasi iliyofuata ikagonga palepale, na ya baada yake ikaruka kulia kupita nilivyotaka. Je, ninunue darubini nyingine?

JIBU: Hesabu yako haina kosa. Robo dakika ya pembe ni takriban milimita 7 kwa mita 100, kwa hiyo kliki nane zilipaswa kusogeza risasi karibu sentimita 6. Risasi kubaki ilipokuwa na kisha kuruka ni dalili ya mrija wa ndani wa darubini, ule unaosogezwa na kliki, kukwama, hadi mshtuko wa kufyatua unapoulegeza. Springi inayousukuma mrija huo huenda imechoka, lakini pete zinazoishika darubini, zikikazwa kupita kiasi, nazo huuminya mwili wa darubini na kuleta dalili hiyohiyo, na pete zilizolegea husababisha vurugu inayofanana nayo. Usinunue chochote kabla ya kukagua pete, na kwa sasa usiguse tena kliki.

Toa risasi zote, hakikisha chemba ni tupu, kisha iondoe darubini kwenye bunduki. Skrubu za kikalio, yaani kipande kilichoshikamana na bunduki na kubeba pete, ndizo husahaulika zaidi, kwa sababu zimefichwa chini ya pete: zifute mafuta na uzikaze upya. Pete zikazwe kwa bisibisi yenye kipimo, kwa kiwango alichoandika mtengenezaji, ambacho kwa pete nyingi hakizidi sana Nm 2 (niutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Mkono pekee haukadirii vizuri, hata mkono wa fundi. Chora mstari mwembamba wa rangi unaovuka pete na mwili wa darubini. Bunduki ya .375 hurudi nyuma kwa nguvu, na darubini isiyoshikwa vizuri huteleza mbele. Mstari ukikatika baada ya risasi chache, umeshampata mkosaji. Kagua pia skrubu zinazoshikilia mtutu na mitambo yake kwenye kitako cha mbao.

Jaribio la kliki halihitaji risasi, na kwa bei ya risasi za .375 hilo si jambo dogo. Ibane bunduki tupu isitikisike, weka mbele yake, mita 100, karatasi kubwa yenye mistari iliyopimwa, kisha tazama ndani ya darubini huku ukizungusha kliki 40 juu, 40 kulia, 40 chini na 40 kushoto. Kila upande alama ya msalaba inapaswa kusafiri sentimita 29 na mwishowe kurudi ilipoanzia. Ikichelewa, au ikirudi pembeni, darubini ni mbovu. Wapo wanaoigongagonga kwa kitako cha kisu ili “itulie”. Darubini inayohitaji kugongwa haifai kupelekwa kwa nyati.

Ikifaulu kwenye karatasi lakini risasi zikaendelea kutawanyika, shaka inahamia kwa mpigaji. Mwombe mwenzako akupakilie bunduki kwa siri, mara risasi halisi, mara risasi ya bandia ya mazoezi. Ukifyatua ya bandia na mdomo wa mtutu ukainama, wewe ndiye unayeishtukia bunduki kabla haijalia, na hakuna darubini itakayotibu hilo.

Mwisho, rekebisha shabaha kwa mtutu uliopoa na kwa risasi za toleo lilelile utakalobeba, na ukifika kambini piga tena moja au mbili, kwani barabara za porini hulegeza skrubu. Ikiwa darubini itashindwa na hutapata nyingine kwa wakati, iondoe na ufanye mazoezi kwa vilengeo vya chuma kwa mita 50, kisha mweleze mwindaji bingwa anayekuongoza mapema kwamba hutapiga mbali zaidi ya hapo.