Kabla hujashuka pwani kukimbia, pima jasho lako

Wakimbiaji wengi wa Arusha, Mbulu na Iten wanaamini kwamba ukishuka pwani utapaa tu, kwa sababu kule chini oksijeni ni tele. Kuna ukweli ndani yake. Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni takriban robo tatu ya ule wa pwani, na mtu akiishi huko wiki kadhaa mwili wake huongeza chembe nyekundu za damu. Lakini mlima haufundishi kuvumilia joto. Mimi kazi yangu ni kuwapima vijana kabla hawajaenda kwenye mashindano, na nimeshaona damu nzuri ya mlimani ikizidiwa na jua la saa tatu asubuhi.

Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika Mombasa. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa hashikiki kwenye mbio ndefu za nyika tangu 2002, aliachia njiani katika joto na unyevunyevu ule, na ubingwa ukachukuliwa na Zersenay Tadese wa Eritrea. Wote wawili ni watu wa nyanda za juu. Doha 2019 marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianzishwa karibu na saa sita usiku ili kukwepa jua, na bado kati ya wanawake 68 walioanza, 28 hawakufika mwisho.

Kinachotokea ni hiki. Unapokimbia, sehemu kubwa ya nishati unayochoma, zaidi ya robo tatu, inageuka joto, na joto hilo lazima litoke. Damu hulibeba hadi kwenye ngozi, na jasho likikauka ndipo mwili hupoa. Jasho linalodondoka chini halikupozi. Ni maji na chumvi umepoteza bure. Pwani, hewa ikiwa imeshajaa unyevu, jasho hukataa kukauka. Sasa moyo unagombaniwa: misuli inataka damu, ngozi nayo inataka. Kijana mmoja wa Mbulu nilimpima barabara ya Toure, Dar es Salaam, kwa kasi ileile aliyoizoea nyumbani. Arusha mapigo yake yalikuwa 152 kwa dakika. Dar, nusu saa tu tangu aanze, saa ya mkononi ilisoma 168, na viatu vilikuwa vinalia maji kila akikanyaga. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa amepungukiwa mazoezi. Joto lilikuwa limekula akiba yake yote.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote kinahitaji mzani tu. Kojoa, vua nguo, pima uzito. Kimbia saa nzima kwa kasi ya mashindano au karibu nayo, kwenye joto linalofanana na la huko uendako. Andika ulichokunywa. Ukirudi jifute jasho vizuri, vua tena, pima. Tuseme uliondoka na kilo 58.4, ukarudi na 56.9, na ulikunywa mililita 300: jasho lako ni kama lita 1.8 kwa saa. Rudia siku tofauti, maana jasho la siku ya mawingu si la siku ya jua. Mwenzako wa kambi moja, mwenye umbo kama lako, anaweza kutoka nusu ya hapo, kwa hiyo usiige unywaji wake.

Usijaribu kurudisha jasho lote. Lengo ni kutopoteza zaidi ya asilimia 2 au 3 ya uzito. Ukimaliza mbio ukiwa mzito kuliko ulivyoanza, hiyo ni hatari halisi: maji yamezidi, chumvi ya damu imeyeyushwa, na mtu anaweza kuchanganyikiwa na hata kufa. Hili nalisema kila mara kwa sababu bado kuna makocha wanaowaambia watoto wa watu wanywe kila meza wanayoikuta.

Joto huzoeleka, tena haraka kuliko mlima. Siku 10 hadi 14 za mazoezi mepesi kwenye joto zinatosha kwa wengi: maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema na kupungua chumvi, mapigo hushuka. Kwa hiyo kufika Dar jioni ya kuamkia mbio ni kujinyima. Kama nauli na malazi haviruhusu, fanya mazoezi yako mepesi saa saba au saa nane mchana, hata kwa kuvaa jaketi, na usiwe peke yako. Ukikaa wiki mbili tatu bila joto, mazoea hayo hupungua sana.

Kisha kubali kupunguza kasi. Mtanzania Alphonce Simbu alikimbia marathoni ya Boston Aprili 2025 kwa saa 2:05:04. Septemba mwaka huohuo, katika joto la Tokyo, alitwaa ubingwa wa dunia kwa 2:09:48. Hakuna aliyemdai zile dakika karibu tano. Mimi huwaambia vijana waanze kwa mapigo waliyozoea, waache kasi ijipange yenyewe, na wale barafu iliyopondwa kabla ya kuanza.

Waandaaji wa mbio nao nawasihi: wekeni beseni kubwa la maji ya barafu pale mwisho. Mkimbiaji akiyumba, akiongea yasiyoeleweka, joto la ndani likiwa limepita nyuzi 40, mtumbukizeni hapohapo, kichwa kikiwa juu ya maji na mtu amemshika, apozwe kwanza, gari la wagonjwa lifuate. Na kipimajoto cha kwapani msikitegemee, kwa sababu ngozi yenye jasho inaweza kusoma kawaida huku ndani mtu anaungua. Anayehitajika ni mhudumu wa afya mwenye kipimo cha njia ya haja kubwa.